Daftari la Ndege Wasiohesabiwa

Huyo bwana sitamtaja jina, na si kwa heshima. Baridi nzima aliingia na kutoka katika jiko nililopika mimi, akanywa kahawa niliyochemsha mimi, asiniulize jina langu hata mara moja. Akitaka kunisema mbele yangu alisema "huyu msichana", na mimi nilikuwa na mtoto sekondari. Basi namrudishia lake. Nitamwita bwana wa orodha. Najua hasomi Kiswahili, lakini haidhuru, nyinyi mnasoma.

Ilikuwa Rockville, karibu na Washington, Amerika, miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Niliajiriwa kukaa na mama mmoja mzee, Jumatatu hadi Jumamosi, katika nyumba ya matofali mitaa michache nyuma ya ile barabara ndefu ya maduka. Mwili wake ulikuwa na nguvu kwa umri wake, ila macho yalikuwa yamemtupa mkono. Aliona kingo za vitu; katikati aliona ukungu. Kwenye karatasi za ofisi kazi yangu ilikuwa dawa, chakula, kuoga na kumshika akipanda ngazi. Wiki ya kwanza haijaisha nikajua kazi yenyewe ni ndege.

Tangu alipoletwa nyumba ile akiwa bibi harusi, mama mzee aliandika kila kiumbe kilichopita uani kwake wakati wa baridi. Ndege hasa, lakini pia nondo, kuchakulo, hata mbweha aliyekatiza siku moja asirudi tena. Madaftari yalijaza rafu mbili sebuleni. Kila majira yakiisha, daftari lilikwenda kwa bwana wa orodha, mstaafu aliyekaa ng'ambo ya kijito, nyuma ya nyumba yetu. Yeye alikusanya maandishi ya majirani wote na kuyatoa katika kijitabu. Mwaka ule mama mzee alikuwa ameshaambiwa na binti yake kwamba nyumba itauzwa mwezi wa nne, naye atahamia kwa binti, mbali sana na pale.

"Hii ndiyo baridi yangu ya mwisho hapa," aliniambia, akinishika kifundo cha mkono. "Nataka iingie kitabuni kama nyingine zote. Wewe ndiye macho yangu."

Nilimwita Mama, kama ninavyomwita mwanamke yeyote aliyenipita umri hivyo. Nikamwambia, "Sawa, Mama, itaingia." Niliahidi kirahisi tu, maana sikuwa bado nimekutana na bwana wa orodha.

Sasa lazima niseme nimetoka wapi, la sivyo hamtanielewa. Nilikulia katika boma la ng'ombe, upande wa Bonde la Ufa. Baba yangu hakuwahi kuhesabu ng'ombe wake maishani. Kwetu kiumbe hai hanyooshewi kidole akapewa namba. Kumhesabu ni kumwonyesha kifo njia. Mama yangu akiulizwa ana watoto wangapi alijibu, "Tupo." Hata huku Amerika, siku niliyojaza fomu ya zahanati iliyouliza ndugu zangu ni wangapi, kalamu ilinigandia mkononi mpaka karani akadhani sijui kusoma. Jioni baba alisimama langoni ng'ombe wakiingia, akawatazama usoni mmoja mmoja. Huyu Mwenye Baka, huyu Pembe Moja, huyu binti wa yule mweusi. Wakiisha kuingia alisema, "Wote wapo," tukafunga lango. Akikosekana mmoja alijua ni nani, na alijua akamtafute wapi.

Kwa hiyo nilipoketi dirishani na daftari, nilichunga. Uani kulikuwa na kibao kilichoning'inizwa kwenye tawi, juu yake tukimwaga mbegu za alizeti. Walikuja wadogo wenye kofia nyeusi, wakaja wa kijivu wenye tumbo jeupe ambao wenyeji huwaita ndege wa theluji, akaja kigong'ota, na yule anayeshuka mtini kichwa chini miguu juu. Zaidi ya wote walikuja wale wekundu wenye kishungi, ambao huku wanaitwa kadinali kwa sababu ya wekundu wa majoho ya kanisani. Baada ya wiki mbili niliwajua. Dume mmoja mwekundu alikuwa na unyoya mweupe katika bawa la kushoto, kama mtu aliyebana karatasi kwapani, nikamwita Karani. Jike mmoja wa rangi ya majani makavu alikuwa na mguu mmoja uliokauka, akisimama kwa mwingine. Huyo nikamwita Kigulu. Kigulu hakuthubutu kupanda kwenye kibao. Alikula chini, wa mwisho, yaliyodondoshwa na wenzake. Kigong'ota naye, aliyepofuka jicho moja, nikamwita Chongo.

Nilimsomea mama mzee jioni nilichoandika: "Asubuhi, jalidi. Karani kala kwanza. Chongo kafukuza wadogo. Kigulu kala mwisho. Wote wapo." Nilidhani atanirekebisha. Akacheka hadi akafuta macho.

"Miaka yote hii nimewahesabu," alisema, "na sikuwahi kumjua hata mmoja."

Tangu siku hiyo kila jioni, nikifunga pazia, aliuliza yeye: "Wote wapo?" Nami nikajibu, "Wote wapo, Mama." Nilikuwa maelfu ya maili kutoka kwetu na nilikuwa nafunga lango la baba.

Nondo walikuwa na kazi yao. Sikujua kwamba kuna nondo wa baridi. Jioni ikipata vuguvugu kidogo, mama mzee alinituma niponde ndizi zilizooza, nichanganye na bia na sukari guru, nipake kwenye gome la mwaloni kwa brashi ya rangi. Rafiki yangu wa Moshi, tuliyepanga naye chumba Oxon Hill na ambaye kila Jumamosi alinifuata kwa gari lake, alinikuta siku moja nikipaka.

"Shoga!" alipiga kelele. "Ndizi na bia? Hiyo si mbege hiyo? Unampa mbege mdudu?"

"Ndiyo kazi, dada."

"Kwetu wazee wanagombea pombe hiyo. Njoo twende, kabla sijalamba mti wa watu."

Lakini alibaki kutazama. Juu ya gome palikuwa na nondo jike wa aina isiyo na mabawa, akipanda kwa miguu katika baridi ile. Mama mzee alikuja na fimbo yake, akaweka kidole juu ya gome, nondo akapanda kidoleni. Hakumwona. Alimsikia tu kwenye ngozi, akanitajia jina lake, nikaandika.

Bwana wa orodha alikuja katikati ya Desemba, na kalamu sikioni. Desturi yake ilikuwa kupitia madaftari nusu ya majira ili kuona kama yanakwenda sawa. Alifungua letu mezani, akapindua ukurasa, akapindua wa pili.

"Namba ziko wapi?" alimuuliza mama mzee.

Nilijibu mimi. "Siwahesabu, bwana. Nawajua."

Hakunitazama. Aliendelea kuzungumza na mama mzee, kwa sauti ile ya upole watu wanayowatolea wagonjwa. "Rafiki yangu, kwa heshima zote, hizi ni hadithi za kulaza watoto. Kadinali ni kadinali. Hakuna mtu anayeweza kumtofautisha huyu na yule. Huyu msichana anajua hata anachokitazama?"

Akachomoa karatasi yake, akaandika mbele ya anuani yetu: hakuna taarifa. Alipoiandika alisukuma daftari kando, na mama mzee, ambaye hakuona lilipokwenda, alianza kupapasa meza akilitafuta. Mkono wake ulikwenda huku na huku katikati ya vikombe. Bwana wa orodha alimaliza kahawa yake akaaga.

Mimi ni mtu wa hasira, sifichi. Lakini hasira zangu nyingi huisha chai ikipoa. Ile haikuisha. Nilimwekea mama mzee daftari mkononi, nikaenda kwenye sinki, nikaosha kikombe cha yule bwana mara mbili kwa maji ya moto, na nikala kiapo kwamba atakunywa kahawa yangu tena, na haitamshuka.

Jumamosi nilimweleza rafiki yangu ndani ya gari.

"Si uweke tu manamba, yaishe?" alisema. "Nani ata-check?"

"Siweki."

"Utapoteza kazi kwa sababu ya ndege?"

"Si ndege, dada. Ungemwona mama wa watu akipapasa meza."

Aliwasha kiashiria, akabadili njia. "Basi mfanyie kitu," alisema. "Lakini usiniambie."

Kitu chenyewe kililetwa na bwana wa orodha mwenyewe. Baada tu ya mwaka mpya alipiga simu. Mama mzee alikuwa akiiweka simu kwenye kipaza sauti ili nimwandikie ujumbe, kwa hiyo nilisikia kila neno. Alikuwa na furaha ya mtoto. Mwaka huu, alisema, kuna jambo halijapata kuonekana mitaa yetu: kadinali watatu wenye unyoya mweupe! Mmoja kwake, mmoja kwa jirani yake, mmoja kwa mwalimu wa kona. Atawatengea ukurasa mzima. Mwisho wa mwezi ataleta wenzake wa kundi la ndege wapite nyumba hizo kuona, na wakichoka, je, wanaweza kupumzika jikoni kwetu kwa kahawa?

"Karibuni," mama mzee alisema, akakata simu. Kisha akanigeuzia uso. "Ni Karani, sivyo?"

"Ndiye, Mama. Wote watatu ni yeye."

"Tumwambie, maskini, asije akaaibika."

Hapo ningeweza kuwa mtu mwema. Simu ilikuwa bado ina joto la mkono wake. Nikasema, "Tutamwambia, Mama. Akija." Alipapasa sweta lake, akalivaa. 

Wiki tatu nilijiandaa kama mtu anayekwenda mahakamani. Kila mchana, nikienda kununua maziwa, nilipita njia ya kijito. Nilimwona Karani akitoka kwetu, akivuka maji, akitua kwa bwana wa orodha. Nilimwona akitoka hapo akaenda kwa jirani, kisha kwa mwalimu. Nikarudi nikaandika. Ilinipa raha ambayo sikuwa nimeionja tangu nifike nchi hii. Usiku nililala vizuri.

Kilichobaki kilikuwa kuhakikisha Karani atakuwepo saa ninayomtaka. Hilo nilijifunza kwa baba. Ng'ombe ukimnyima chumvi, siku unayoitaka anakuja mwenyewe mpaka kiganjani. Jioni ya kuamkia siku ya wageni nilikung'uta kibao kikawa kitupu, na nikafagia chini ya mti nisibakize punje.

Mvua ya barafu ilinyesha usiku. Asubuhi kila tawi lilikuwa limevikwa kioo, na ardhi ilikuwa ngumu kama sakafu. Ndege walikuja kulipopambazuka, wakatua kwenye kibao, wakaondoka. Kigulu alikuja chini ya mti, akaruka kwa mguu mmoja huku na huku juu ya barafu, akidonoa mahali pasipokuwa na kitu. Nilimwona. Nilikuwa na debe la mbegu miguuni pangu.

"Siwasikii wakila," mama mzee alisema kutoka kitandani.

"Naweka sasa hivi, Mama."

Sikuweka. Wageni walifika karibu saa tano. Siwahesabu, niseme tu walijaza jiko. Bwana wa orodha alikuwa mbele, mashavu mekundu kwa baridi. Unyoya mweupe hawakuuona popote asubuhi ile, alieleza, bila shaka kwa sababu ya barafu, lakini karatasi zinathibitisha. Nilimimina kahawa. Yake niliimimina kwanza.

"Samahani, bwana," nikasema. "Yule wa kwako, unyoya uko bawa gani?"

Alishtuka kidogo, kama kabati limesema. "La kushoto."

"Na wa jirani yako?"

Akatazama karatasi. "La kushoto."

"Na wa mwalimu?"

Mwanamke mmoja mrefu katika wageni wale alianza kutabasamu. Bwana wa orodha alipindua karatasi. "La kushoto," akasema.

"Asante," nikasema. Nikachukua debe, nikatoka nje bila koti, nikamwaga mbegu mpaka zikafurika kibao, nikarudi nikasimama kando ya dirisha. Sikungoja sana. Walikuwa na njaa, walishuka wote kwa pamoja, na katikati yao, bawa la kushoto likiwa limeelekea kioo, akatua Karani.

"Hao hapo," nikasema. "Wote watatu."

Yule mwanamke mrefu alicheka hadi kahawa ikamwagika. Wengine wakafuata. Mzee mmoja wa kundi lao, ambaye kumbe ndiye waliyemheshimu kuliko wote, aliuliza polepole, bila kucheka: kama huyu mmoja amekuwa watatu, hao wengine kwenye orodha ni wangapi hasa? Bwana wa orodha alikunja karatasi zake. Kahawa yake ilibaki vile vile mpaka ikafanya utando. Ningeweza kuitazama mpaka leo.

Mwanamke mrefu aliomba daftari letu. Alilisoma kwa sauti, ukurasa kwa ukurasa, Karani na Chongo na Kigulu, na wote walisikiliza kama watu wanaosomewa habari za jamaa zao. Mama mzee alikaa wima, mikono juu ya meza, haipapasi chochote. Walipokuwa wanaondoka yule mzee alimwambia bwana wa orodha, mbele ya watu, kwamba daftari hili litaingia kitabuni lilivyo. Bwana wa orodha aliitikia kwa kichwa. Nilimfungulia mlango mimi mwenyewe, nikamwambia atazame utelezi.

Nilifurahi. Nilifurahi sana, niliosha vyombo nikiimba. Ilikuwa alasiri nilipoketi dirishani kuwatazama usoni mmoja mmoja, nikafika mwisho, nikaanza upya.

Nilimkuta chini ya ua wa miti ya miiba, upande ule usiopigwa na upepo. Alikuwa amejivimbisha manyoya yote na barafu ilikuwa imeyashika. Ule mguu mbovu alikuwa ameukunja tumboni. Mbegu zilikuwa zimetapakaa chini ya mti, hatua chache tu kutoka pale, na zilikuwa zimefika akiwa hawezi tena kuzifuata. Nilimtia mfukoni mwa aproni nikaingia ndani, kwa sababu mama mzee alikuwa ananiita tufunge pazia.

"Siku njema kuliko zote," alisema. Uso ulikuwa unamng'aa. "Wote wapo?"

Mkono wangu ulikuwa mfukoni. Hakuwa na uzito wowote.

"Wote wapo, Mama."

"Andika."

Nikaandika. Kesho yake, kibao kikiwa kimejaa tele tangu alfajiri, nilimwambia Kigulu hajaja. Aliuliza kama mbegu zilikuwepo. Nikasema zilikuwepo. Akavuta pumzi akasema basi ni uzee, amekula mpaka siku yake ya mwisho, hakuna la kujilaumu.

Kijitabu kilitoka mwezi wa nne, maboksi yakiwa yameshapangwa ukumbini. Bwana wa orodha alikileta mwenyewe. Alisimama mlangoni, hakutaka kuingia, akasema kwamba amelipitia daftari letu mstari kwa mstari akitafuta kosa, kwa kuwa, hatanificha, alitamani kulipata. "Sikuona hata moja," alisema. Yalikuwa maneno niliyoyangoja tangu Desemba, na nilimshukuru, nikafunga mlango.

Mama mzee alikuwa ameketi juu ya boksi. Alitaka nimsomee siku ile ya wageni. Nikasoma: "Barafu kila mahali. Karani katua mbele ya wageni. Kigulu kala mwisho. Wote wapo." Akatabasamu, akaniomba nirudie, nami nikarudia.